Kukaa Kabla ya Safari

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma ya kilabu, Petersburg.

Prokhor alichora ramani kwa majivu mezani. "Hatuibi mali. Tunaiba mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Gerasim, fundi wa kioo chekundu cha Malkia. Hakuna mwingine aliyejua kukipika, ndiyo maana kiwanda cha ikulu kilimfungia ndani, mwaka wa tatu sasa. Tajiri mmoja alikuwa amejenga tanuri lake msituni. Alimtaka.

"Nazar, farasi. Ustinya, supu."

"Na mimi naondoka naye," Ustinya alisema.

"Ndivyo tulivyokubaliana, dada."

Miaka mitatu alimpelekea Gerasim supu ya kabichi kupitia tundu la mlango. Alijua sauti na vidole vyake, basi. Hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

"Kaeni kwanza," Prokhor alisema.

Wakakaa kimya kidogo, desturi ya Warusi: mwenye safari hukaa kwanza, asiyesafiri hakai. Prokhor hata kuku hakuenda kumwiba bila kukaa.

Saa sita. Kiwanda cha ikulu, mlangoni kwa Gerasim.

"Mama Supu," mlinzi alicheka, "leo kuna nyama, au umenawia mikono humu?"

Kila siku alikula yeye kwanza. Leo alimaliza sufuria nzima, na matone ya dawa ya usingizi ndani yake. Alipoanza kukoroma, Ustinya alichomoa ufunguo kiunoni mwake.

Gerasim alitoka akiyumba. Mfupi kuliko sauti yake.

"Wewe ndiye supu?"

"Ndimi."

Saa sita na nusu. Banda la kuni, kando ya mto.

Nazar alikuwa tayari na farasi na kigari cha theluji.

"Tukae," Ustinya alisema.

Watatu wakakaa juu ya magogo. Prokhor alisimama mlangoni, macho barabarani.

"Kaa, Prokhor."

"Niko sawa tu."

Ustinya alimtazama sana.

"Hukai, maana huna safari. Umetuuza."

Prokhor hakugeuka. "Mimi mtumwa mtoro, Ustinya. Wamenipa hati ya uhuru. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekaa."

Nazar aliruka, akachapa farasi, akatokomea na kigari kitupu. Buti za askari zikasikika.

"Kimbia," Gerasim alisema. "Barafu ya mto ni ngumu. Miguu yangu haiwezi. Yako inaweza."

Ustinya alisimama. Mto ulikuwa mweupe, hauna mtu, hadi ng'ambo.

Akarudi kukaa, bega kwa bega. Mara ya kwanza bila mlango katikati. Fundi alinuka moshi.

"Leo hukuniletea supu," alisema.

"Kaimaliza yote yule mlinzi."