Aliyeshika Usukani

Asubuhi ya pili porini, Dereva alifungua mlango wa gari la kukodi akakuta kiti chake kimesukumwa nyuma hadi mwisho, kana kwamba aliyekikalia ana miguu ya twiga.

"Nani kachezea kiti changu?"

"Mwenzangu, hapa nani anajua hata gia inakaa wapi?" alicheka Daktari, ambaye udaktari wenyewe alikuwa bado anausomea, ila cheo kilishamkolea.

Bi Harusi hakuinua macho kwenye simu. "Usianze kununa, Dereva. Usiniharibie safari yangu ya mwisho ya usichana."

Jina hilo la Dereva walimpa wao. Watatu hao walikaa chumba kimoja cha hosteli tangu mwaka wa kwanza, na kwa kuwa leseni alikuwa nayo yeye peke yake, basi kuendesha ni yeye, kusimamisha hema ni yeye, kulinda mizigo wenzake wakipiga picha za tembo ni yeye. Hebu mtu aeleze: huo ni urafiki, au ni kibarua kisicho na ujira? Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Hapa mateke aliyala punda mwenyewe. Lakini alikuja. Baada ya harusi chumba kingevunjika, naye alitaka, walau mara moja, mmoja wao amgeukie amuulize: na wewe je?

Akavuta kiti mbele. Ndani ya gari mlinuka nywele zilizoungua. Wenzake walisema hawasikii harufu yoyote.

Adhuhuri, jua la utosi, walisimama kwenye uwanja wa kupumzikia wageni. Hapakuwa na gari jingine. Wakamtuma maji. Bomba lilikuwa nyuma ya vyoo, na alipoinama kukinga dumu, ndege wote wakanyamaza kwa pamoja, ile harufu ikamjaa puani, na sauti nyuma yake ikasema taratibu:

"Umechoka, mwenzangu?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Sauti ya namna hiyo haijibiwi, hata mtoto anajua. Lakini ni nani mwingine aliyewahi kumuuliza?

"Nimechoka," alinong'ona, machozi yakimlenga.

"Pumzika. Nitawaendesha mimi."

Dumu halijajaa, akasikia gari likiwaka, naye akakimbia, ufunguo ukimgonga pajani mfukoni mwake, akapita vyoo, akapita meza za saruji, na pale kwenye usukani akaona kilemba chake mwenyewe, shingo yake, bega lake, na miguu mirefu ambayo magoti yake yalipanda hadi usawa wa kioo, na Daktari pembeni akijipiga mapaja, "Leo Dereva umelishwa nini? Una raha kweli!", na Bi Harusi kiti cha nyuma akageuka, wakatazamana, kisha gari likamezwa na vumbi.

Akabaki yeye na upepo. Simu ilikuwa na mtandao wa kubahatisha. Akampigia Bi Harusi.

"Huyo si mimi!"

"Najua," Bi Harusi alinong'ona. "Nimeiona miguu yake."

"Basi mwambie Daktari! Pigeni kelele, shukeni!"

Injini ikanguruma, Daktari bado alikuwa anacheka.

"Shoga yangu," Bi Harusi alisema, "tukishuka, nani atatuendesha mpaka nyumbani?"