Mume Wangu na Mwandishi Namba Moja wa "Chombo"

"Yule mwandishi mliyempa namba moja... si Mzungu!"

Chediel, maiki mdomoni, akawaangalia watu walivyobanana kwenye mabenchi.

"Ni mimi hapa!"

Jamani... banda lililipuka! Watu wanapiga mabati, wanapiga miluzi, wengine wamesimama juu ya mabenchi.

Mimi nilikuwa mlangoni kule nyuma, mwanangu Eliana mgongoni. Nikaona alichoshika mkono wa pili.

Daftari.

Daftari langu! Mwandiko wangu! Hata doa la uji wa mtoto kwenye jalada nililiona kutoka kule niliposimama.

Na asubuhi ileile, mume wangu wa ndoa aliniambia hivi:

"Mama Eliana, leo nakutaja. Leo wote watakujua."

Nikachana nywele, nikavaa kitenge nilichotunza tangu kipaimara cha mdogo wangu. Kumbe najipamba nikaangalie ninavyoibiwa!

Nawaeleza toka mwanzo, maana najua wapo wanaosema mimi Rahel nimeua ndoa yangu kwa sababu ya tamthilia. Someni mpaka chini ndio mnihukumu.

Sisi tunakaa Unyambwa, hapa Singida. Chediel ana kibanda umiza, anaonyesha mpira na muvi za kutafsiriwa. Ila kilichomjazia watu ni tamthilia moja tu, "Chombo cha Kumi na Tatu". Watu wanaishi ndani ya chombo angani, wanatafuta sayari ya kuhamia, na hawafiki! Sizoni ya kumi na tisa sasa, bado wanatafuta.

Chediel sauti amejaliwa. Akiongea kama adui, watoto wanakimbilia kwa mama zao. Lakini Kiingereza chake kinaishia kwenye penalti na ofusaidi.

Mimi shule niliachia kidato cha pili, mama alipougua. Sasa hivi nasoma QT, masomo ya walioacha shule, darasa la jioni pale mjini. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Mtoto akilala mchana, nafungua laptop ya kuazima, nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kamusi pembeni, naandika Kiswahili kwenye daftari. Jumamosi Chediel anakaa na maiki, anasoma. Watu wanasema, "Aisee, jamaa anajua!"

"Kwa nini usiwaambie naandika mimi?" nilimuuliza siku moja.

"Mama Eliana, tumia akili. Nani atakaa kwenye benchi asikilize maneno ya mtu wa form two?"

Nikarudi kwenye daftari. Ndoa yenyewe ilikuwa na mwaka.

Sasa, mashabiki wana grupu la WhatsApp, admini ni Pendo, anauza mafuta ya alizeti pale njia panda. Mwezi wa tano Pendo akarusha bomu:

"Wana-Chombo! Tupange waandishi! Nani mkali, nani atupishe?"

Sizoni kumi na tisa haziandikwi na mtu mmoja. Majina yao hupita mwishoni kwa maandishi madogo, na Chediel anazima kabla hayajaisha. Kwa hiyo watu waliwapa majina kwa harufu ya kazi zao.

Kulikuwa na Muuaji. Huyu anaua hata staringi, na kila mtoto wa Unyambwa anajua staringi hafi! Kulikuwa na Fundi Mitambo, nusu saa nzima watu wanaongelea injini. Mzee Subiri yeye mlango unafunguliwa Jumamosi hii, mtu anaingia Jumamosi ijayo. Wakamwita mmoja Mchungaji, maana kila sehemu yake lazima mtu ahubiriwe.

Halafu kulikuwa na Mgeni.

Mgeni anatokea mara mojamoja. Lakini akitokea watu hawatoki kwenda kujisaidia! Watu wake wanagombana kama majirani. Wana njaa, wana wivu, wanadaiana ndoo. Sehemu yake iliyotia fora ni Visima Vitatu.

Grupu liliwaka moto siku nne.

"Muuaji ashike mkia! Sijamsamehe!" Yeremia wa bodaboda huyo.

"Wewe Yeremia ulilia kama mjane, tulikuona," Pendo akamjibu. "Anayekuliza ndiye mkali."

"Alinitoa machozi ya hasira! Mgeni alinitoa machozi ya Visima Vitatu. Ni machozi mawili tofauti!"

Kura zikapigwa. Fundi Mitambo akashika mkia. Muuaji wa pili. Wa kwanza, kwa mbali mno...

Mgeni!

Pendo akaweka orodha Facebook, na maelezo marefu ya sehemu ya Visima Vitatu. Ikasheariwa mpaka ikafika Dodoma.

Ndipo akaja dada Theresia.

Alishuka kwenye gari na begi la laptop. Chediel alidhani ni watu wa hakimiliki, akaficha flashi kwenye soksi! Kumbe mwenzake anatoka kampuni iliyopata kibali cha kuonyesha "Chombo" kwenye TV kwa Kiswahili. Wanatafuta mtu mmoja wa kuandika hayo maneno. Anaandikia hukohuko aliko, na jina lake linatokea kila sehemu ikiisha.

"Nitakuja Jumamosi kwenye mkutano wenu wa mashabiki," alisema. "Nataka kumjua anayewaandikia."

Siku zile nilitembea kama siikanyagi ardhi. Jina langu! Kwenye TV! Mimi niliyeacha shule natazama wenzangu wanapita na sare!

Na ndiyo Jumamosi ile niliyoanza nayo. Saa tisa alasiri, upepo wa Singida unatikisa turubai, mume wangu anasema ni yeye.

Nilitaka kupiga kelele. Nikaishia kukaza mbeleko ya mtoto. Pendo peke yake aligeuka akaniangalia mlangoni, halafu akainamisha uso kwenye simu. Kumbe hata yeye alikuwa anahisi kwamba ni mimi!

Dada Theresia alikuwa benchi la mbele. Akainua mkono.

"Hongera, bwana Chediel. Nina swali moja tu."

"Hata kumi, madam!"

"Visima Vitatu nimeiangalia kwa Kiingereza mara mbili. Hakuna kisima hata kimoja mle ndani. Hivi vyako vimetoka wapi?"

Chediel akafungua daftari, akalifunga.

"Oya!" Yeremia akasimama. "Ina maana mimi nimelia bure?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Kwa sababu nilijua vimetoka wapi.

Wasomaji wangu, ngoja niwape aibu yangu yote: Mgeni ni mimi, kila nilipokwama kwenye Kiingereza nikajitungia.

Kwenye sehemu ile, Mfalme Gazuku, yule adui, anamkuta Nahodha Zaina amefungwa minyororo. Anamzunguka, anacheka, anasema: "Well, well, well, Captain."

Na wiki hiyohiyo mwalimu Antipasi wa darasa la jioni alitufundisha maneno ya maji. River, mto. Lake, ziwa. Well, kisima.

Nikaandika bila hata kufungua kamusi: "Kisima, kisima, kisima, Nahodha."

Nikajiuliza, mbona vitatu? Lazima kuna siri! Nikafuta, nikaandika: "Nionyeshe visima vitatu, Nahodha!" Na Zaina anajibu kwamba bora afe. Ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli! Nikaendelea kurasa nne nzima.

Ijumaa jioni ndio nikamuuliza mwalimu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Rahel, huyo adui anasema 'ehee, ndio wewe!' Hamna maji hapo!"

Nikarudi nyumbani nalia. Eliana anachemka homa, onyesho ni kesho yake. Nikamweleza Chediel. Akasema, "Itasomwa hivyohivyo. Ole wako mtu ajue."

Muda wa kuandika upya haukuwepo. Basi nikaamua visima vile viwe na maji. Nikampa Zaina watu wanaokunywa pale, watoto wenye madumu, bibi anayegoma kuruka foleni. Zaina anapigwa na hasemi vilipo, kwa sababu adui akivijua, watoto watakunywa nini?

Jumamosi ile mama mmoja wa Kintinku, alikuja kumsalimia dada yake tu, alitoka bandani anajifuta na kanga.

"Huyo Mzungu," anasema, "amepajuaje kwetu?"

Sasa turudi bandani. Chediel jasho linamtiririka mpaka kwenye maiki.

"Aaa... madam... ile ilikuwa kosa."

"Kosa la nani?"

Akageuka. Kidole chake kikanitafuta mpaka mlangoni.

"La huyu! Mke wangu huyu! Mimi nasoma tu, anayeandika ni yeye!"

Vichwa vyote vikageuka. Vyote!

"Anasoma na vizee darasa la jioni, hajui hata well ni nini! Kila siku naaibika kwa ajili yake! Form two, madam! Mimi namvumilia tu!"

Kicheko kile... mpaka leo nakisikia. Eliana akashtuka usingizini, akaanza kulia mgongoni. Nikageuka niondoke.

"Umesema zote anaandika yeye?" Sauti ya dada Theresia haikupanda hata kidogo.

"Zote, madam! Kila kosa mle ndani ni lake!"

"Ile ya mama anayebembeleza mtambo ulale?"

"Yake! Alishindwa Kiingereza, akajitungia!"

"Ile ya harusi isiyo na maji ya kunawa?"

"Yake hiyo! Mimi simo kabisa!"

Mnaona? Mtu anajivua nguo mwenyewe, kifungo kimoja kimoja, na anadhani anamvua mwenzake!

Dada Theresia akafunga kitabu chake.

"Asante, bwana Chediel. Nilikuwa nahitaji shahidi."

Akasimama, akapita katikati ya mabenchi mpaka mlangoni. Nikamwamkia, maana ndivyo nilivyolelewa, hata kama machozi yanaingia mdomoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Kule kwao inakotengenezwa, sehemu ile ndiyo inashika mkia. Wanamcheka aliyeiandika. Hapa Singida imeshika namba moja. Nimetoka Dodoma kumtafuta aliyechimba hivyo visima. Kukosea neno, kila mtu anakosea. Nataka mtu anayejua cha kufanya baada ya kukosea."

Yeremia akarudi kukaa kwenye benchi.

"Kwenye kura," akaniuliza, "wewe Mgeni ulimpa nafasi ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu namjua."

Hakucheka. Alinishika bega, akasema, "Tutaanza na hilo."

Wenzangu, mngetaka niishie hapo, eh? Watu wapige makofi, mume apige magoti?

Chediel alifika nyumbani jua halijazama. Nilikuwa napepeta mtama. Akakaa kwenye kigoda, akaongea kwa upole ambao sijawahi kuusikia tangu uchumba.

"Mama Eliana. Mpigie yule dada. Mwambie tuliandika wote."

"Ulisema zote ni zangu."

"Nilikuwa na hasira."

"Ulisema humo kabisa."

"Sisi ni mwili mmoja! Jina lako na langu kuna tofauti gani?"

"Kama hakuna tofauti, mbona mchana langu halikutoka?"

Akainuka kwenye kigoda. Kesho yake alifungasha spika na maiki, akaenda kwa kaka yake Misigiri. Aliacha ujumbe kwenye simu: "Mwandishi namba moja, jipikie."

Ni mwezi wa pili sasa tangu aondoke. Kibanda kimefungwa. Kwenye grupu wameniandikia mengi. Mmoja alisema mwanamke mwenye akili angemfichia mume wake aibu. Nikamuuliza, aibu ipi, ya kunidharau au ya kukosa kazi? Akanitoa... samahani, Pendo ndiye aliyenitoa. "Ili kulinda amani ya grupu," aliandika.

Eliana anamwita baba yake kila akisikia sauti nzito kwenye redio ya jirani. Hapo ndipo ninaposhindwa, siwafichi. Nilimpenda yule mwanaume. Nilipenda kumsikia akisema maneno yangu, hata watu walipodhani ni yake. Laiti angenitaja, tungepanda wote.

Kazi nimeianza. Sehemu ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya TV imekubaliwa, na mwezi wa kumi na moja nafanya mtihani wangu wa QT. Kiingereza bado kinanipiga, lakini siku hizi nikikosea namwambia mwalimu mapema.

Somo? Dada zangu mnaomwandikia mtu, mnaomfungia mtu mahesabu, mnaompikia mtu biashara halafu jina liko kwenye bango lake: msisubiri siku atakayowataja kwa mapenzi. Wekeni majina yenu leo, hata kwa penseli.

Mimi nilisubiri miaka miwili mume wangu aseme mbele za watu kwamba kazi ile ni yangu.

Na kweli alisema. Kwa sauti ile nzuri, kwenye maiki.

Alidhani ananizika.