Kengele ya Sita Mlimani Kurotani

Zama zile Wareno walipokuwa wakipeleka hariri hadi visiwa vya Japani, merikebu yao moja ilimwacha ufukoni mpiga mizinga aliyekuwa hoi kwa homa. Jina lake Shekuwe, mzaliwa wa Pate. Genzo, jemadari wa ngome ndogo ya Kamiya, alimwokota, na mkewe Osei akamuuguza. Alipopona wakamvika deraya ya vipande vya chuma vilivyofumwa kwa hariri, wakampa bunduki ya utambi na zamu ukutani.

Zamu yake ilianza ngoma ilipopigwa nne na kwisha ilipopigwa nane. Ngomeni ngoma haikupigwa saa nyingine yoyote. Nne ilipigwa jua likipanda, nane likianza kushuka, sawasawa na saa za Pate. Shekuwe alifurahi kwamba hata huku watu huhesabu saa kama kwao, wala hakuuliza zaidi.

Mwezi wa tatu adui aliizingira Kamiya, na mchele ukaisha. Genzo akapatana naye: msaada usipofika kesho yake kabla ngoma haijapigwa nne, yeye Genzo atajiua mbele ya lango, na waliomo ndani wasiguswe. Asubuhi ile ile ya mapatano alimwita Shekuwe, kwa kuwa njia pekee ya kutoka ilikuwa mtoni, na katika watu wale wa milimani hakuna aliyejua kuogelea. Alimpa barua ya kumwomba msaada Bwana wa Kiyose, ng'ambo ya mlima Kurotani, imefungwa kwa karatasi ya mafuta.

"Ndugu yangu," Genzo akasema kwa Kireno chake cha kuokoteza, "ukipotea njia, uliza *izuko*, wapi. Ukihofia wakati, uliza *nandoki*, saa ngapi. Maneno hayo mawili yatakufikisha."

"Na nikichelewa, bwana?"

"Usichelewe."

Shekuwe aliogelea, kisha akapanda mlima hadi jua likaanza kushuka. Chini ya njia ya juu alimkuta mama akisuka viatu vya majani ya mpunga.

"Kiyose, *izuko*?"

Mama alishtuka kidogo kwa sura ile ngeni, kisha akaonyesha lango la walinzi juu kilimani. Shekuwe akakutanisha viganja kama mtu afungaye mlango, kuuliza lango hufungwa lini. "*Nandoki*?" Mama akainua vidole sita.

Papo hapo kengele ya hekalu ikalia. Shekuwe akahesabu: nane. Sita ilikwisha pita zamani! Hakupanda hata kulitazama lango lenyewe. Akamshukuru mama kwa kuinama, akageuka kushuka bondeni, kutafuta njia nyingine ya kufika Kiyose kupitia mtoni. Mama alimpigia kelele na kumwonyesha juu tena na tena, naye akadhani anaagwa.

Kwenye kivuko aliwakuta askari wawili wa adui. Mmoja alimchoma mkuki begani. Shekuwe alimwangusha kwa jambia lake, na wa pili akakimbia. Alikuwa akifunga jeraha kwa kilemba kengele ilipolia tena. Saba.

Alikaa kitako juu ya jiwe. Baada ya nane, saba? Basi watu hawa walihesabu saa kwa kushuka, na baada ya nne ya asubuhi walianza tena juu; nne na nane za Kamiya zililingana na za Pate kwa bahati tu, na sita ilikuwa bado mbele! Aliupanda mlima ule mbio, damu ikimtiririka, akapita langoni kengele ya sita ikiwa katika pigo la tano, huku walinzi wakisukuma mbao za lango kulifunga.

Bwana wa Kiyose aliisoma barua, wala hakusita. Farasi mia tatu waliondoka na kwenda bila kupumzika. Asubuhi walitokea kilimani juu ya Kamiya, na adui alipoziona bendera zao akaanza kung'oa mahema. Ngoma ya ngomeni ilikuwa imetoka kunyamaza.

"*Nandoki*?" Shekuwe alimuuliza askari wa ubavuni mwake, ijapokuwa alikuwa amehesabu mwenyewe.

Askari akainua vidole vinne.

Kitabu cha hekalu kimeandika kwamba Kamiya iliokoka siku hiyo, na kwamba msaada ulicheleweshwa na matope ya Kurotani. Shekuwe hakurudi Pate. Mwaka wa pili, alipokwisha kuijua lugha, Osei, mjane wa Genzo, alimuuliza kama kweli mlimani palikuwa na matope mengi kiasi hicho.

"Hapana, shemeji," akajibu. "Njia ilikuwa kavu, na lango lilikuwa wazi."