Viatu vya Ninian Rattray

Torcuil MacLeay aliingiza bega nyuma ya mkokoteni wa tatu na kusukuma. Maji ya mto yalimfika kiunoni. Baridi ilimkata hadi kwenye mifupa.

Majeruhi walijaza mikokoteni tisa. Katika wa sita alilala mdogo wake Ruairidh, risasi imemvunja mguu.

Tangu jeshi la Mwanamfalme, aliyedai kiti cha Mfalme George, ligeuke kurudi Uskoti, wapanda farasi wa Mfalme hawakuwapa nafasi ya kupumua. Kila njia waliyoichagua, adui aliijua.

Asubuhi ile Torcuil alikuwa amepokea kutoka kwa kamanda wake kikaratasi chenye maneno mawili: *Kondoo mgonjwa.*

Maana yake, kuna jasusi kundini. Mtafute.

Alirudi ukingoni kuchukua mkokoteni wa nne. Hapo Ninian Rattray, askari aliyejiita mtu wa milimani kama wao, alikuwa ameketi juu ya jiwe, anavua viatu ili avuke. Alivining'iniza shingoni. Wenzake wakamcheka, mmoja akamwuliza kama anakwenda kuoa.

Torcuil hakucheka.

Mtu wa milimani havui viatu mtoni. Vyake hutobolewa matundu makusudi, maji yaingie na kutoka.

Alikivuta kimoja cha Ninian. Ngozi nzima. Hakina hata tundu moja.

"Nani alikushonea hivi, ndugu?"

"Fundi wa kwetu."

"Fundi wa kwenu yuko London."

Mkono wa Ninian ulikimbilia bastola. Jambia la Torcuil lilitangulia kufika kooni.

Ndani ya bitana la koti la Ninian walikuta karatasi: *Kesho, njia ya mlimani. Mikokoteni tisa.* Ninian alikiri kwamba huacha karatasi kama hizo chini ya jiwe, kwenye njia panda. Wapanda farasi huzichukua.

"Andika nyingine," Torcuil alisema. "Njia ya bondeni."

"Wakijua, wataninyonga."

"Usipoandika, hutawasubiri wao."

Akaandika. Herufi zilitetemeka. Torcuil aliichana, akamwandikisha tena, polepole, mpaka mwandiko ukatulia. Kisha akaenda mwenyewe kuiweka.

Jua likielekea kuzama, alilala kifudifudi kilimani na darubini yake. Makoti mekundu ya wapanda farasi wa Mfalme yalifika njia panda. Mmoja akashuka, akainama, akasoma.

Wote wakageuza farasi kuelekea bondeni.

Torcuil alifunga darubini, akatelemka bila haraka. Mto ulikuwa umefurika kwa mvua ya milimani. Mikokoteni minne, wa Ruairidh ukiwamo, ilikuwa bado upande wa kusini, upande wa adui.

"Kaka, wamepita?"

"Wamepita."

"Na sisi?"

"Kesho, maji yakipungua."

Akamfunika blanketi, akaenda kuwafungua farasi wa mikokoteni wapumzike usiku.