Pipa Lililoshushwa

Kila asubuhi, Chiriku alipanda ngazi mara kumi na ndoo yake kujaza pipa la maji. Walimwita hivyo nyumbani kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Pipa lilikaa juu ya kichanja cha chuma nyuma ya saluni ya mama yake, na maji yalishuka kwa bomba lililopita ukutani hadi kwenye mpira wa kuoshea nywele.

Jumamosi moja alishikwa na uvivu. Pipa likiwa tupu, alilishusha na kuliweka juu ya benchi, akaunganisha bomba, akalijaza pipa bila kupanda popote. "Maji ni yaleyale," alijiambia.

Mteja wa kwanza alipoinamisha kichwa, maji yalidondoka tone tone.

"Dada, unaniosha au unaninyunyizia manukato?" mteja alitania.

Mama alimsuuza kwa jagi, uso umemshuka. Kisha akampigia simu wifi yake, shangazi wa Chiriku, fundi bomba, ambaye alifika na kuingia moja kwa moja ndani bila kupita nyuma kwenye pipa.

"Wifi, bomba limeziba," alisema, akitoa nyundo na patasi. "Itabidi tuvunje vigae."

Mama aliguna. Vigae hivyo alivibandika kwa mikono yake, mwezi mzima. Chiriku naye alikuwa kimya kama maji mtungini. Mara mpira ukamponyoka mama, ukaanguka sakafuni, na maji yakafoka hadi viatuni mwa shangazi. Bomba lililoziba lingefokaje?

"Shangazi, usipige! Halijaziba. Ni mimi nimeshusha pipa!"

Shangazi alitua nyundo. Akainua mpira hadi begani, maji yakakoma. Akaushusha, yakatoka.

"Lakini pipa limejaa!" Chiriku alisema.

"Hata lingekuwa nene kama nyumba, mwanangu. Unapopanda na ndoo, nguvu ya miguu yako unaiweka ndani ya maji. Kila lita hubeba nguvu kadiri ilivyoinuliwa, na ikishuka huitoa. Leo hukuyainua. Yatoke kwa nguvu ipi?"

Walilimwaga pipa, wakalirudisha juu. Chiriku akapanda mara kumi, mteja akimhesabia kwa sauti. Safari hii maji yaliruka kwa kishindo, na mama akacheka.

"Umekosea," shangazi alisema, akirudisha nyundo mkobani, "lakini umesema mapema. Ndiyo maana tumerekebisha kwa ngazi na ndoo. Ungenyamaza kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunaokota vigae."