Machozi ya Kwenye Kadi

Kila siku akitoka shule, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia maktaba ya mtaa, akakaa kwenye kiti cha dirishani mpaka mama yake, fundi cherehani wa duka la ng'ambo ya barabara, afunge kazi. Jina la Chiriku alipewa na wenzake, na wala hawakumwonea, kwa maana mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Alikuwa na maoni juu ya mvua, juu ya walimu, juu ya viatu vya wapita njia, na zaidi ya yote juu ya vitabu, vikiwemo vile ambavyo hakuwahi kuvifungua.

Ukutani pale maktaba palikuwa na ubao wenye maandishi makubwa: MAONI YA WASOMAJI. Kila mwezi mkutubi, mzee mpole aliyevaa koti hata kwenye joto kali, aliteua kitabu kimoja. Watoto wa kikundi cha kusoma walikiazima kwa zamu, kisha kila mmoja akaandika maoni yake kwenye kadi na kuyabandika ubaoni. Mwezi huo kitabu kilieleza maisha ya mwimbaji mashuhuri wa jazi. Watu wazima walimwita Bibi Tarumbeta, kwa jinsi alivyoweza kuigiza tarumbeta kwa mdomo mtupu hadi mpiga tarumbeta mwenyewe akaona wivu.

Kitabu kilikuwa kinene kama tofali. Chiriku alikaa nacho zamu yake yote bila kukisoma. Alitazama picha, akapitia maneno ya nyuma ya jalada, kisha akaruka hadi sura ya mwisho na kuona kichwa chake: "Siku ya Kuaga". Basi, akakifunga. Redioni kila jioni walitangaza fulani katuaga, na aliyetangazwa hivyo hakuonekana tena. Masikini, kumbe alikufa, akawaza. Akachukua kalamu, akaandika:

"Kitabu hiki kimenigusa sana. Picha ni nzuri na maneno yamepangika. Pale mwisho Bibi Tarumbeta alipoaga, nililia mpaka ukurasa ukalowa."

Wengine hawakuwa na maneno matamu hivyo. Rafiki yake, aliyeitwa Miwani kwa sababu isiyohitaji maelezo, aliandika kwamba sura za mwanzo zinachosha lakini bendi ikishaundwa kitabu kinapamba moto. Mwingine alilalamika kwamba mwandishi anamsifu mwimbaji kupita kiasi, utadhani ni mkwewe. Aliyelia alikuwa Chiriku peke yake, na mkutubi akaibandika kadi yake katikati ya ubao. Chiriku alivimba kichwa kwa raha.

Jumatano moja mkutubi aliwakusanya.

"Wanangu, nina habari njema. Jumamosi tutatembelewa na Bibi Tarumbeta mwenyewe."

"Mwenyewe yupi?" likamtoka Chiriku.

Watoto wakaangua kicheko. Mkutubi naye akatabasamu. "Mwenyewe ni mmoja tu. Nilimpelekea maoni yenu akayasoma. Anasema lazima amwone yule aliyelia siku alipoaga jukwaa. Kwa hiyo Chiriku, wewe ndiye utakayesoma maoni yako mbele ya watu."

Aliaga jukwaa! Kumbe hakufa. Aliacha kuimba tu, akaaga, akaenda zake nyumbani. Chiriku alitamani kucheka na wenzake lakini hakuweza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na maoni yoyote.

Miwani alimfuata mpaka nje. "Una nini wewe? Umekuwa kama umeona jini."

Chiriku akamvuta pembeni akamweleza yote kwa kunong'ona. Miwani alishika tama.

"Chiriku! Ulimuua bibi wa watu?"

"Usicheke, tafadhali. Ninaogopa kweli."

"Sikiliza. Uliandika alipoaga. Hukuandika alipokufa. Kila aliyesoma kadi yako ameielewa vizuri. Kasome kitabu, Jumamosi usome kadi yako, ukae kimya. Nani atajua?"

Maneno yale yalipaswa kumtuliza. Lakini jioni alipoingia dukani alimkuta mama yake ametandika mezani kitambaa cha buluu, anamsimulia mteja habari zote alizopewa na mkutubi, kipimio kikimning'inia shingoni.

"Mwanangu huyu hapa! Kitabu kikubwa namna ile kakimaliza, akalia kabisa. Mimi nikishika gazeti tu nasinzia. Njoo nikupime, mama, nataka Jumamosi upendeze."

Chiriku akanyoosha mikono apimwe. Kila sindano iliyopita kwenye kitambaa kile alihisi inamchoma yeye.

Akaazima kitabu upya. Alisoma akila, akasoma akisubiri mama afunge duka, akasoma mpaka macho yakamuwasha. Safari hii alisoma kila neno, hadi ile sura ya mwisho. Ukurasa wake ulikuwa mkavu na safi, hata alama ya kidole haukuwa nayo. Vipi kama mkutubi atautazama? Kikombe cha maji kilikuwa karibu. Chiriku akachovya kidole, akakiinua juu ya ukurasa, tone likaning'inia nchani. Ghafla akajiogopa mwenyewe. Akakipangusa kidole kwenye sketi, akakisukuma kikombe mbali.

Jumamosi maktaba ilijaa pomoni. Mama yake alikaa mstari wa mbele. Bibi Tarumbeta, mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe, macho makali, aliingia taratibu, amemshika mkono binti yake. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, akaitikia kwa sauti ya kukwaruza.

Mkutubi akamkabidhi kadi. Chiriku aliisoma kwa sauti iliyotetemeka, na watu wakadhani ni uchungu. Wakapiga makofi. Yameisha, akawaza, nimepona. Akageuka akakae.

"Njoo hapa, mjukuu wangu," Bibi Tarumbeta akaita.

Chiriku akasogea. Bibi akamshika mkono.

"Nilipoacha kuimba, watu waliniambia nikapumzike. Kisha wakanisahau. Miaka yote hii sikujua kama kuna hata mmoja aliyesikitika. Tangu nimesoma maneno yako, nalala vizuri. Hebu niambie, ni kitu gani hasa kilichokuliza?"

Chiriku alikuwa na jibu tayari, alilifanyia mazoezi njia nzima. Lakini aliutazama mkono ule mkavu ulioshika wake, na jibu likakataa kutoka. Hofu aliyokuwa nayo tangu Jumatano ilikuwa ya kuaibika. Hii ilikuwa mpya na mbaya zaidi, kwa sababu sasa aliogopa kumuumiza mtu. Akisema uongo atamdanganya mara ya pili. Akisema kweli atampokonya usingizi wake. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri, na mama yake alikuwa anatabasamu.

"Bibi, sikulia," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa sijasoma kitabu. Niliona 'Siku ya Kuaga' nikadhani umekufa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Tabasamu la mama likafutika. Mkutubi akavua miwani yake. Bibi Tarumbeta aliuachia mkono wa Chiriku, na Chiriku akaona kwamba ameumia kweli.

"Na sasa umekisoma?" bibi akauliza hatimaye.

"Ndiyo, bibi. Chote."

"Ukalia?"

Alitamani kujibu ndiyo. "Hapana. Niliogopa."

"Wapi?"

"Pale ulipofungua mdomo, bendi inapiga, na sauti haikutoka. Nilifunga kitabu. Nilishindwa kuendelea mpaka nikaenda kukaa karibu na mama."

Bibi Tarumbeta akamkazia macho.

"Na mimi niliogopa hapohapo," akasema polepole. "Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza kuhusu hofu ile. Wote huniuliza kuhusu makofi."

Akauchukua tena mkono wake. "Sikiliza, na nyote msikie. Kutosoma kitabu si kosa kubwa. Hata mimi vipo vilivyonishinda. Kosa lako ni kunipa machozi ambayo hukuyalia. Nimeyabeba moyoni nikidhani ni yangu, na leo imebidi niyarudishe. Ukimsifu mtu, msifu kwa kile ulichokiona. Kama hujaona, sema hujaona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Mama yake alikuwa amesimama. Chiriku alijua watayazungumza nyumbani, na hayatakuwa mazungumzo mafupi. Lakini mama alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Mkutubi akaichukua kadi ile ya zamani, ambayo nafasi yake katikati ya ubao ilibaki na tundu la pini tu, akampa Chiriku kadi tupu. Chiriku akaandika palepale, mbele ya watu: "Sauti yake ilipokataa kutoka, niliogopa sana." Hakuongeza neno.

Alipotaka kuibandika, Bibi Tarumbeta alinyoosha mkono.

"Hapana, nipe mimi," akasema. "Hii ninakwenda nayo nyumbani."