Kazi Mbili za Renita

Mdogo wangu Renita anachora madaraja. Ni mhandisi, na katika ofisi yao hapa Memphis, Marekani, ndiye mhandisi Mweusi pekee. Asubuhi humsuka binti yake Jocelyn huku anajibu ujumbe wa kazi, anakunywa kahawa amesimama, kisha mbio. Mimi ni Darlene, dada yake mkubwa, na tunakaa mtaa mmoja. Haya nayasema kwa kuyaona, si kwa kusikia.

Baba yetu aligawa barua za posta kwa miguu mpaka alipostaafu. Alitulea kwa neno moja: ukiwa Mweusi, fanya mara mbili ya wenzako, ndipo uonekane umefanya nusu. Mimi nililisikia nikaenda zangu kufungua saluni. Renita alilimeza zima.

Basi kazini akawa na kazi mbili. Ya kwanza ni madaraja. Ya pili hakuna aliyemwajiri kuifanya. Februari, mwezi wa historia ya watu Weusi, sherehe ya ofisi ni juu yake. Kijana Mweusi akija kujifunza kazi, apelekwe kwa Renita. Picha ya tangazo ikipigwa, Renita akae mbele. Wakazi Weusi wakiogopa barabara mpya itavunja nyumba zao, atumwe Renita akawatulize. Na siku nzima anapima sauti yake, asije akaitwa mkali. Michoro yake anaimalizia nyumbani.

Mwaka huu akaanza kubadilika. Alikuwa akilala, anaamka amechoka vilevile. Alimfokea Jocelyn kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika. Alisahau siku ya kuzaliwa ya mumewe, Cleavon. Ukimuuliza hali anasema, "Nimebarikiwa," kama tunavyojibu sote kanisani. Aliamini uchovu ni uvivu, kwa hiyo dawa aliyojipa ni kuongeza kazi.

Siku moja jikoni kwangu akaniambia anaacha uhandisi. Nilishtuka. Huyu ndiye mtoto aliyejenga daraja la vijiti vya aiskrimu, akamsimamisha mbwa wetu juu yake.

"Sitaki kuona daraja tena maishani mwangu," akasema. Wala hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Aliyelitambua tatizo ni jirani yetu, Bi Odessa Pettway. Kazi yake ni kuwashauri wagonjwa wa akili na wenye msongo katika kliniki. Jumapili ndiye mkuu wa wahudumu wa mlangoni kanisani, na Renita ni mmoja wao. Huvaa sare nyeupe na glovu, na huongea kwa ishara za mikono tu. Kanuni yao ni moja: hakuna anayesimama ibada nzima. Mwenzako akikugusa kiwiko, unamwachia mlango unakwenda kukaa.

Jumapili iliyofuata mwenzake alimgusa kiwiko, Renita akatikisa kichwa. Akaja mwingine, akatikisa kichwa tena. Wimbo wa mwisho ulipoanza, akayumba akashika ukuta. Bi Odessa akamtoa nje, mimi nyuma yao, akamkalisha kwenye ngazi. Akamuuliza kwa nini alikataa kupokelewa. Renita akajibu kwamba alikuwa bado anaweza.

"Mwanangu, sijakuuliza kama unaweza. Punda naye anaweza, mpaka siku anapolala barabarani."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Bi Odessa akamuuliza kuhusu usingizi, hasira, usahaulifu, na kuichukia kazi aliyoipenda. Kila swali Renita aliitikia kwa kichwa. Bi Odessa akaeleza kwamba huo ni uchovu uliopitiliza wa kazi. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Humpata mtu anayetoa nguvu muda mrefu bila kuzirudisha, na kulala siku moja hakumtibu. Na sisi, akasema, tunabebeshwa mzigo juu ya mzigo: uko peke yako, na bado unatakiwa uwasemee watu Weusi wote.

"Nikilegea watasema Weusi ndivyo tulivyo," Renita akasema.

"Watasema hata ukifia mezani. Watasema, halafu walete maua."

Renita akalia. Nilishukuru kuyaona machozi yale.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari, kwa sababu uchovu kama huo huweza kuficha ugonjwa. Presha yake ilikuwa juu. Alipewa dawa na mapumziko, akaanza kuonana na mshauri kila wiki. Mwanzoni hakujua kupumzika. Alifua mapazia yote ya nyumba, mpaka Cleavon akaficha sabuni. Kisha Bi Odessa akamtafutia wahandisi Weusi wanaokutana kula samaki wa kukaanga. Kumbe kila mmoja wao ana kazi mbili. Alirudi amecheka mpaka sauti imemkauka, na habari ya kuacha uhandisi hakuitaja tena.

Lilibaki jambo gumu. Akirudi kazini na mzigo uleule, ataugua vilevile. Bi Odessa akamfanyisha mazoezi ya kuongea na mkuu wake, Bwana Lindgren. Siku ilipofika, Renita alimweleza zile kazi mbili waziwazi.

"Hii ya pili kama ni kazi, iwe ndani ya saa zangu, na wengine nao waifanye. Kama si kazi, mimi siifanyi."

Bwana Lindgren akawa mwekundu. Akasema alidhani anaifurahia.

"Hukuwahi kuniuliza," Renita akamjibu.

Wako walionuna. Lakini sherehe ya Februari ikapewa watu wengine, na vijana wanaojifunza wakagawanywa kwa wahandisi wote. Mikutano na wakazi Renita aliibakiza kwa kupenda, nayo sasa inahesabiwa kuwa kazi. Jioni simu ya ofisi inazimwa. Presha imeshuka. Juzi amemaliza kuchora daraja la waenda kwa miguu, na hatuna raha, kila tukila anatueleza nguzo zake.

Jumamosi Baba akaja kwangu, akamkuta. Alikuwa amesikia habari zote. Alivua kofia, akabaki amesimama, nasi tukangoja hotuba.

"Uliwaambia hapana?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Na hawakukufukuza?"

"Hawakunifukuza."

Mzee akaitazama miguu yake, ile iliyotembea na barua mpaka ikapinda.

"Sikujua kama inaruhusiwa," akasema.

Renita akamvutia kiti, Baba akakaa.